Bunduki Isiyotema Ganda

Kwa miaka kadhaa nilitunza chumba cha silaha cha kampuni moja ya ulinzi jijini Dar es Salaam, na katika daftari la chumba kile kuna neno lililojirudia kuliko jina la mlinzi yeyote: "haitemi". Mlinzi anarudi kutoka lindoni au kutoka uwanja wa shabaha, anaelekeza mtutu kwenye pipa la mchanga, anasema, "Afande, hii haitemi," nami naandika namba ya bunduki, tarehe, na neno lile. Fundi anaitwa, anabadilisha springi, bunduki inarudi kazini, na baada ya wiki chache neno lilelile linaonekana tena kwenye ukurasa mwingine. Ilinichukua muda kutambua kwamba tulikuwa tunatibu neno. Chini yake yalijificha magonjwa matatu yasiyofanana, na shahidi wa kila ugonjwa tulikuwa tunamfagia pamoja na takataka: ganda lenyewe la risasi.

Nazungumzia shotigani ya pampu, ile ambayo kila aliyepanga foleni benki, aliyesimama kwenye kituo cha mafuta au aliyepita mbele ya duka la kubadilishia fedha nchini Tanzania ameiona mikononi mwa mlinzi. Kenya walinzi wa kampuni binafsi kwa kawaida hawabebi bunduki. Kwetu wanabeba, na wengi wao ni watu wa mshahara mdogo wanaokesha wakilinda mali isiyo yao. Bunduki ikikwama, anayekwama nayo ni mlinzi huyo, peke yake, usiku. Kwa hiyo suala hili kwangu si la chuma tu.

Tuanze na namna kitu hiki kinavyofanya kazi, maana makosa mengi ya utambuzi yanazaliwa hapo. Pampu haiendeshwi na gesi ya baruti kama bunduki nyingi zinazojikoki zenyewe. Injini yake ni mkono wa anayeishika. Ukivuta kishikio cha mbele kuja nyuma, fito mbili za chuma zilizolala kando ya bomba la risasi zinaisukuma bolti. Bolti inajifungua kutoka kwenye mtutu na kuanza kurudi. Kwenye uso wa bolti, upande wa kulia, kuna ndoano ndogo isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Ndoano hiyo imeng'ang'ania ukingo wa ganda, na bolti inaporudi inaondoka nalo kutoka kwenye chemba. Huko ni kuchomoa. Ganda linasafiri likiwa limeshikwa upande mmoja hadi karibu na mwisho wa safari, na hapo upande wake wa kushoto unagonga kipande cha chuma kilichofungwa kwenye ukuta wa ndani wa bodi. Kipande hicho nitakiita kirushio. Ganda likigongwa kushoto huku limeshikwa kulia halina njia ila kuzunguka na kuruka nje kupitia dirishani. Huko ndiko kutema.

Kuchomoa na kutema, basi, ni kazi mbili za vyuma viwili, katika vituo viwili vya safari moja. Mlinzi anayesema "haitemi" bila kueleza ganda liliishia wapi ni kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" na kunyamaza. Swali la kwanza, kabla ya bisibisi yoyote kutoka mfukoni, ni hili: ulipotazama, ganda lilikuwa wapi? Lilibaki ndani ya chemba? Lilichomoka likalala ndani ya bodi? Au lilisimama dirishani, nusu ndani nusu nje, limebanwa na bolti? Kila jibu linaelekeza mahali pake.

Kabla hata ya kutazama kuna jambo moja ambalo sitalipita haraka. Ganda tupu lililokwama na risasi nzima iliyokwama vinafanana sana ukivitazama kwa nyuma, kwani vyote viwili vinakuonyesha duara lilelile la shaba. Alama ya pini katikati ya fataki, kile kiwashio cha kwenye kitako, inasema tu kwamba pini iligonga. Haisemi kwamba baruti iliwaka. Kama kifyatuo kilivutwa na mlio haukusikika, mtutu ubaki kwenye pipa la mchanga kwa dakika nzima, kidole kikiwa nje ya kifyatuo, kwa sababu baruti yenye unyevu inaweza kuwaka kwa kuchelewa. Kama mlio ulikuwa mdogo kuliko kawaida, usipakie nyingine: huenda kizibo cha plastiki au golori zimebaki katikati ya mtutu, na risasi ya pili itaupasua. Nimewaona watu wakiligongesha tako la bunduki sakafuni huku wakivuta kishikio ili ganda litoke. Mtutu katika mkao huo unatazama kidevu. Sikuruhusu jambo hilo chumbani kwangu hata kwa bunduki tuliyoamini kuwa tupu.

Kuna pia "kukwama" ambako si kukwama. Bunduki iliyokokiwa na haijafyatuliwa hufunga pampu yake yenyewe, kwa makusudi, na kishikio hakisogei mpaka ubonyeze kitufe cha kuifungua. Kwenye Remington 870 kitufe hicho kiko mbele ya kikingio cha kifyatuo, upande wa kushoto. Kwenye Mossberg 500 kiko nyuma yake. Mlinzi aliyezoea moja akipewa nyingine anahangaika, anavuta kwa nguvu zote, kisha anakuja kuandikisha ugonjwa usiokuwepo. Nusu dakika ya maelekezo inamaliza kesi.

Sasa turudi kwenye ganda lililogoma kutoka ndani ya chemba, maana hapa ndipo pwani yetu inapoonyesha mkono wake.

Risasi inapolipuka, kanieneo ndani ya ganda hupanda ghafla. Viwango vya Marekani kwa risasi za kawaida za geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) vinaruhusu hadi pauni 11,500 kwa kila inchi ya mraba, karibu mara 780 ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Kwa nguvu hiyo ganda linatanuka hadi kubandika kuta zake kwenye kuta za chemba, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa: lisipotanuka, moto ungemrudia mpigaji usoni. Halafu kanieneo ikishuka, ganda linatakiwa kusinyaa kidogo na kuachia. Shaba ina tabia hiyo njema, inatanuka na kurudi. Chuma cha bei nafuu kilichopakwa rangi ya shaba hakirudi vizuri hivyo. Risasi nyingi za bei ya chini zina kitako cha namna hiyo, na kwa macho huwezi kutofautisha. Nilikuwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio, na kila boksi jipya lilipoingia niliigusisha kwenye risasi moja. Ikinasa, niliandika pembeni ya boksi "chuma". Baada ya miezi michache daftari lilionyesha kwamba maboksi yenye neno hilo yalichangia sehemu kubwa ya maganda yaliyong'ang'ania. Haina maana kwamba risasi hizo ni mbovu. Katika chemba safi na laini zinatoka bila tabu. Ila hazisamehi chemba iliyochakaa.

Na chemba zetu zimechakaa. Mlinzi wa kituo cha mafuta anasimama nje usiku kucha, upepo wa baharini unavuma wenye chumvi, alfajiri kuna umande, mchana kuna jasho la mikono. Bunduki inarudishwa, inafutwa kwa nje hadi inang'aa, inavikwa ala ya turubai na kupangwa ukutani. Ala ile imenyonya unyevu wa mwaka mzima. Nje kunang'aa, ndani ya chemba kutu inakula taratibu. Vua mtutu, uelekeze upande wa chemba kwenye mwanga wa dirisha na utazame ukuta wake kwa pembe: chemba yenye afya inarudisha mwanga kama maji yaliyotulia. Niliyotazama mimi, ya bunduki iliyokuwa imebadilishiwa ndoano mara mbili, ilikuwa na vijishimo vyeusi kama plasta ya nyumba ya ufukweni iliyoliwa na chumvi. Ganda lilikuwa linatanuka na kuingia kwenye vijishimo vile. Hakuna ndoano duniani ambayo ingeshinda mvutano huo kila siku.

Ganda lenyewe lilikuwa limesema tangu mwanzo. Nilikuja kuyaokota maganda ya bunduki ile, nikayapanga mezani, vitako vikitazama juu. Kwenye matatu kati ya matano, ukingo ulikuwa umeng'atwa upande mmoja, umbo la mwezi mchanga, na kipande kimoja cha shaba kilikuwa kimenyofoka kabisa. Maana yake ni wazi ukishaiona: ndoano ilishika, ikavuta, ikashika tena, na kilichokubali kuachia ni ukingo. Ndoano ilikuwa nzima na mhalifu alikuwa chemba. Laiti ukingo ungekuwa safi, bila hata mkwaruzo, ningejua kwamba ndoano haikushika kitu, ikateleza na kuliacha ganda mahali pake. Hizo ni hukumu mbili zinazopingana, na zote zinasomeka kwenye upana wa milimita moja ya shaba.

Usafi wa chemba si kazi ya kitambaa na mafuta ya cherehani tu. Plastiki ya ganda na ya kizibo huacha utando mwembamba unaoshikamana na chuma kwa joto, na utando huo unakusanya masizi ya baruti. Inahitajika brashi ya waya wa shaba, pana kuliko ile ya kupitisha ndani ya mtutu, iliyoloweshwa dawa ya kuyeyushia, ikizungushwa ndani ya chemba badala ya kusukumwa mbele na nyuma. Ukitoka weusi, unafuta, unarudia hadi kitambaa kitoke cheupe, kisha tabaka jembamba la mafuta. Jembamba kabisa. Mafuta mengi yanabeba vumbi, na vumbi na mafuta vikikaa pamoja vinakuwa ugoro. Msasa usiguse hapo, wala stilwaya ya kusugulia masufuria, ambayo nimeikuta ndani ya chemba ya bunduki ya mtu mwenye nia njema kabisa. Mikwaruzo yake ni vishikio vipya kwa ganda. Chemba iliyokwisha kutoboka inasuguliwa na fundi mwenye zana na vipimo, au mtutu unabadilishwa.

Jibu la pili, ganda lililochomoka kisha likalala ndani ya bodi, watu wengi huliita kosa la springi. Mimi naliita kosa la mkono mpaka lithibitishwe vinginevyo. Kirushio cha pampu kimesimama tu pale ukutani. Hakirushi chochote, kinasubiri kugongwa. Nguvu ya kurusha ni kasi ya mkono. Ukivuta kishikio kwa upole ganda linagonga kirushio kwa upole na kuanguka ndani. Ukivuta usifike mwisho, halikigusi kabisa. Na pampu ikirudishwa mbele, risasi mpya inayopandishwa kutoka bombani inakutana uso kwa uso na ganda la zamani, na hapo unapata msongamano ambao mlinzi atauapia kuwa ni ubovu wa bunduki.

Nakumbuka mzee mmoja, mlinzi makini kuliko wote niliowahi kukabidhi silaha. Bunduki yake iliandikwa "haitemi" mara nne. Nilipoipiga mimi, ilitema. Nilipompa yeye, risasi ya pili ikakwama. Nikamwomba apige tena, nikatazama mkono wake badala ya kuitazama bunduki. Alikuwa anavuta kishikio kama mtu anayefungua kabati la vyombo vya mkewe.

"Mzee wangu," nikamwambia, "vuta kama unamnyang'anya mtu kitu chako."

"Si itavunjika, afande?"

"Haivunjiki. Imetengenezwa ivutwe hivyo."

Alikuwa ameambiwa siku ya kwanza kazini kwamba bunduki ni mali ya kampuni na ikiharibika atakatwa mshahara. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anaitunza kwa upole uliokuwa unaikwamisha. Siwezi kumlaumu, na sijamlaumu. Lakini ile kauli ya siku ya kwanza ilikuwa imemtuma lindoni na silaha ambayo ingemwangusha saa ya hatari, na aliyeitoa alidhani anaokoa fedha.

Kama mkono ni mzuri na ganda bado linalala ndani, basi kirushio ndicho cha kukaguliwa, na hapa aina ya bunduki ina maana kubwa. Remington 870 ilianza kuuzwa mwaka 1950, na mwaka 2009 kiwanda kilitoa ya milioni 10. Umbo lake limeigwa na wengine, Norinco ya China wakiwemo, kwa hiyo unaweza kuwa na tumbo la 870 ndani ya bunduki yenye jina tofauti. Kirushio chake ni bapa jembamba lililofungwa kwa ribiti kwenye ukuta wa kushoto wa bodi, likisukumwa na springi bapa iliyo nyuma yake. Bunduki ikiwa tupu na mtutu umevuliwa, libonyeze kwa kidole: linapaswa kuingia na kurudi mara moja. Likilala ukutani bila kurudi, springi imevunjika na ganda linapita bila kuguswa. Likicheza juu na chini, ribiti zimelegea, na kazi hiyo si ya nyumbani. Ribiti mpya hugongwa na kusawazishwa kwa nje ya bodi na mtu aliyeizoea. Mossberg 500, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipita njia nyingine. Kirushio chake kimefungwa kwa skrubu, na bolti yake ina ndoano mbili, kulia na kushoto. Skrubu ikilegea dalili zinafanana na za ribiti iliyolegea, lakini tiba yake ni ya dakika chache. Ithaca 37, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1937, haina dirisha la ubavuni hata kidogo, inapakia na kutema kupitia tundu moja la chini, na anayeitafutia kosa ubavuni anapoteza siku yake.

Kitu kidogo kinachosahauliwa ni kile kifuniko kilicho mbele ya bomba la risasi, ambacho ndicho kinachoufunga mtutu kwenye bodi. Kikilegea mtutu unasogea mbele kidogo kila mpigo, na vitu vilivyopangwa kukutana havikutani tena. Kabla ya kumwita fundi, kikaze kwa mkono. Nimefuta malalamiko mawili kwa njia hiyo.

Ndoano yenyewe haina hadithi ndefu. Inakaa kwenye mfereji wake ikisukumwa na springi ndogo, na adui yake mkubwa ni masizi na mafuta yaliyoganda chini yake, yanayoizuia kufunga hadi mwisho. Jaribio lake ni rahisi: bolti ikiwa imetolewa nje, telezesha ukingo wa ganda tupu chini ya ndoano na uinue bolti. Ganda likining'inia bila kudondoka hata ukilitikisa kidogo, ndoano inashika. Likidondoka, safisha kwanza, kisha jaribu tena, na hapo ndipo utafute ndoano mpya. Anayeitoa avae miwani. Springi ile hurukia jicho.

Jibu la tatu ni ganda lililosimama dirishani. Mara nyingi ni mkono uleule mpole, au kirushio kilichochakaa. Lakini kuna sababu nyingine ambayo naiona ni ya muhimu kuliko zote katika makala haya, kwa kuwa inajificha hata kwa watu waangalifu.

Urefu wa risasi ya shotigani uliochapwa kwenye boksi ni urefu wa ganda likiwa limefunguka, yaani baada ya kupigwa. Risasi inayoitwa ya milimita 70, ikiwa nzima, ina milimita 58 hivi, kwa sababu mdomo wake umekunjwa kuzuia golori. Ikipigwa, mikunjo inafunguka na ganda linarefuka kwa zaidi ya sentimita moja. Fikiria maana yake. Kila jioni, saa kumi na mbili, walinzi wanabadilishana zamu. Anayeondoka anavuta pampu na kutoa risasi moja moja, zinaruka vizuri, msimamizi anaandika "nzima". Alichokipima ni uwezo wa bunduki kutema kitu kifupi. Uwezo wake wa kutema ganda lililopigwa, refu, lenye joto, lililotanuka, haujapimwa hata siku moja. Kuna bunduki zilizokaa kazini kwa miaka zikipita ukaguzi huo kila siku, ambazo hakuna binadamu aliyejua kama zingetoa ganda la kwanza.

Ufupi huohuo wa risasi nzima unaleta hatari nyingine. Risasi ya milimita 76 inaweza kuingia kwenye chemba ya milimita 70 bila upinzani wowote. Haina nafasi ya kufungua mdomo wake, kanieneo inapanda kupita kiasi, na ganda ama linabaki limebanwa au linachomoka na kukuta dirisha ni fupi kuliko lenyewe. Urefu unaoruhusiwa umechongwa ubavuni mwa mtutu, kwa inchi au kwa milimita: 2¾ ni 70, 3 ni 76. Unasomwa kwa sekunde mbili, na haujawahi kuwa kwenye fomu yoyote ya makabidhiano niliyoikuta. Geji nazo zina ajali yake: risasi ya geji 20 ni nyembamba, ikitumbukizwa kwenye bunduki ya geji 12 inateleza na kukaa mbele ya chemba, haionekani, na ya geji 12 inaweza kupakiwa nyuma yake. Watengenezaji wa Marekani walikubaliana kuzipaka geji 20 rangi ya njano kwa sababu hiyo. Ganda likikosekana kotekote, chungulia mtutu, ukiwa umeuvua.

Makabidhiano yale yanaharibu kwa namna nyingine pia. Kupakia na kupakua mara mbili kwa siku ni mara 730 kwa mwaka, na risasi zinazopita humo ni zilezile tano. Kila pito ndoano inauma ukingo kidogo, na mdomo uliokunjwa unagonga chuma. Zile zinazobaki bombani zinabanwa na springi mchana na usiku, na plastiki ikikaa kwenye joto la Dar es Salaam huku imebanwa inavimba kiunoni. Nimewahi kupokea risasi kutoka lindo moja la ghala zikiwa na kitako kilichoota kijani, mwili umepinda kidogo kama muwa, maandishi ya ubavuni yamefutika kwa kushikwa. Zilikuwa zimerithiwa na walinzi wanne. Ukizipiga, zitakwama, na bunduki itaandikwa "haitemi".

Nani afungue bunduki? Usafi, ukaguzi wa ndoano kwa ganda tupu, kukaza kifuniko na kusoma mtutu ni kazi za mtunza silaha na za mlinzi aliyefundishwa. Zaidi ya hapo ni za fundi mwenye leseni; Tanzania silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na karakana ya kichochoroni inayochomelea fremu za madirisha si mahali pa kupeleka bodi ya shotigani. Nasema hivyo kwa heshima yote kwa mafundi wetu wa mtaani, ambao wameniokoa kwa mambo mengi. Chuma hiki kina moto ndani yake, na kosa la nusu milimita linalipwa na uso wa mtu.

Mabadiliko niliyoyapigania hayakuwa ya vipuri. Niliomba kila mlinzi apige risasi tano mara mbili kwa mwaka, na hizo tano ziwe ndizo alizokuwa akibeba, ili arudi lindoni na mpya. Niliambiwa risasi ni ghali. Nikapeleka stakabadhi za ndoano na springi tulizonunua kwa mwaka mmoja pamoja na malipo ya mafundi, nikaziweka kando ya bei ya maboksi ya risasi, na meneja akasaini ombi langu siku hiyohiyo. Halafu nikalichora upya daftari. Neno "haitemi" lilipigwa marufuku. Mahali pake pakawa na nafasi za kujaza: ganda lilikuwa wapi, alama ya ukingo, urefu kwenye boksi na urefu kwenye mtutu, kitako kinanasa sumaku au hakinasi, mdomo wa chemba ulionekanaje. Maganda yenyewe yalitiwa kwenye bahasha ya kaki yenye namba ya bunduki, na fundi hakuruhusiwa kugusa bisibisi kabla ya kuifungua bahasha.

Bunduki ya yule mzee ilipigwa tena mwezi uliofuata, asubuhi, uwanjani, yeye mwenyewe akiishika. Niliandika mstari wake nikiwa nimechuchumaa mchangani: maganda matano, yote nje, kulia, hatua tatu.